Vioo viwili, kufuli moja: Mteja anaona nini muuzaji akiondoka mezani?

CHUKUA mfano wa duka la pembejeo mjini Makambako, mwezi Novemba, wakati mvua za kupandia zinakaribia na kila mkulima anataka mbegu na mbolea siku hiyo hiyo. Juu ya meza ya malipo kuna kompyuta moja yenye vioo viwili. Kioo cha kwanza kinamtazama muuzaji. Cha pili kimegeuziwa wateja, ili kila mtu aone bidhaa alizochukua, bei zake na jumla anayotakiwa kulipa.

Mama mmoja anaomba mifuko minne ya mbolea. Kijana wa kupakia hayupo, hivyo muuzaji anainuka mwenyewe kwenda stoo. "Nisubiri kidogo mama, nakuja sasa hivi," anasema, na anaondoka. Anachosahau ni kwamba dakika mbili kabla ya hapo alikuwa amefungua daftari la madeni ndani ya kompyuta akitafuta jina la mteja mwingine, na dirisha la daftari hilo amelisukuma hadi kwenye kioo cha pili. Watu sita waliopo kwenye foleni wanasoma majina ya majirani zao, kiasi wanachodaiwa na tangu mwezi gani.

Hakuna kilichoibwa. Lakini mkulima aliyekopeshwa mbolea ya laki tatu, mwenye heshima zake kijijini, akisikia jioni kwamba deni lake limesomwa na foleni nzima, msimu ujao atanunua kwingine. Na hatasema kwa nini.

Maduka yenye vioo viwili yameongezeka katika miji midogo kwa sababu inayoeleweka. Vioo vilivyotumika hupatikana kwa bei nafuu, kompyuta nyingi za mezani zina tundu zaidi ya moja la kuunganishia kioo, na mteja anayeona hesabu yake ikijumlishwa mbele ya macho yake hana sababu ya kubishana juu ya jumla. Ni hatua nzuri. Tatizo ni kwamba wengi waliofunga kioo cha pili hawakujiuliza kinaonyesha nini wakati mwenye duka hayupo mezani.

Jibu lipo ndani ya kompyuta yenyewe na halinunuliwi. Linaitwa skrini ya kufunga, yaani ule ukurasa wenye saa, tarehe na picha unaotokea kompyuta inapofungwa bila kuzimwa. Mtu akitaka kuendelea na kazi lazima aandike namba za siri au nywila.

Kufunga si kuzima

Wauzaji wengi hawafungi kompyuta kwa kuogopa kupoteza kazi. Wanadhani ankara iliyoandikwa nusu itafutika, au printa itasimama katikati. Hofu hiyo haina msingi. Kompyuta iliyofungwa inaendelea na kazi zake zote nyuma ya pazia. Printa inaendelea kuchapa, faili linaloshuka kutoka intaneti linaendelea kushuka, na ankara inabaki pale pale ilipoachwa. Kinachobadilika ni kwamba mtu mwingine hawezi kuona wala kugusa. Kinachosimamisha kazi ni kuilaza kompyuta, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Kwenye kompyuta zenye Windows, vitufe ni viwili tu: kile chenye alama ya Windows, kilicho chini upande wa kushoto wa kibodi, na herufi L. Vikibonyezwa pamoja kompyuta inafunga papo hapo, vioo vyote kwa mara moja. Njia hiyo ilikuwepo tangu enzi za Windows XP na inafanya kazi hadi leo. Wanaotumia Ubuntu wanabonyeza vitufe hivyo hivyo.

Sharti ni moja: lazima akaunti iwe na nywila au namba za siri. Kompyuta isiyo na nywila ikifungwa, mteja yeyote anaweza kubonyeza kitufe na kuingia, na hapo kufuli limebaki kuwa picha tu. Ziko nyingi za namna hiyo madukani, hasa zile zilizonunuliwa zikiwa zimetumika na fundi akaziacha wazi ili asisumbuliwe na simu za wateja waliosahau nywila.

Picha hukaa upande mmoja

Hapa ndipo wenye vioo viwili wanapokutana na jambo lisilowapata wenye kimoja. Mwenye duka anaandaa picha nzuri yenye jina la duka na saa za kufungua, anaiweka kwenye skrini ya kufunga, anabonyeza vitufe vyake viwili, kisha anazunguka upande wa wateja kuangalia. Kioo cha mteja ni cheusi. Picha ipo upande wa muuzaji, ambako hakuna wa kuitazama.

Kompyuta haijaharibika. Kwa kawaida Windows huweka saa, picha na kisanduku cha kuandikia namba za siri kwenye kioo kikuu tu, na vioo vingine huviacha vitupu. Kufuli linafanya kazi pande zote mbili, lakini mapambo yako upande mmoja. Mwenye duka asiyejua hilo huita fundi, na fundi asiyejua humbadilishia waya.

Zamani kidogo hata hayo mapambo hayakuwa rahisi. Kwenye Windows 7, kubadilisha picha ya ukurasa wa kuingilia kulihitaji mtu anayejua kupekua ndani kabisa ya mfumo. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, ndiyo iliyoleta skrini ya kufunga yenye picha ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha mwenyewe, na Windows 10 ya mwaka 2015 pamoja na Windows 11 ya mwaka 2021 ziliendeleza utaratibu huo. Kwa wenye Windows 10 ni vema wakumbuke kwamba huduma yake ya kawaida, pamoja na marekebisho ya usalama, ilikoma Oktoba 14, 2025. Kompyuta inayoshika madeni ya watu haifai kubaki hapo kwa muda mrefu.

Kuna namna tatu za kukabiliana na kioo cheusi, na kila moja ina gharama yake.

Namna ya kwanza ni kukifanya kioo cha mteja kuwa ndicho kikuu. Mtu anaingia kwenye mipangilio palipoandikwa "System", kisha "Display", anachagua kioo kinachohusika na kuweka alama kwenye maneno "Make this my main display". Akifunga, picha itatokea kwa mteja. Wengi huishia hapo wakifurahi, na ni kosa. Kioo kikuu ndicho ambacho programu nyingi hufungukia, na ndicho kinachopokea taarifa za ghafla pembeni. Ujumbe wa wakala mkuu unaosema bei ya jumla imeshuka utajitokeza mbele ya foleni. Kisanduku cha namba za siri nacho kitahamia huko, pamoja na ile alama ya jicho ambayo ikibonyezwa inaonyesha kilichoandikwa. Kwa duka la kawaida, namna hii haifai.

Namna ya pili ni kuvifanya vioo vyote viwili vionyeshe kitu kimoja wakati wa kufunga. Kitufe cha Windows pamoja na herufi P hufungua orodha ya machaguo manne: kioo cha kwanza peke yake, vioo vyote vionyeshe kitu kile kile, kioo cha pili kiwe nyongeza ya cha kwanza, au cha pili peke yake. Muuzaji akichagua "Duplicate" kisha akafunga, picha itaonekana pande zote. Lakini mpangilio wa hatua ni muhimu. Akichagua kabla ya kuficha madirisha yake, kwa sekunde chache mteja ataona kila kilichopo upande wa muuzaji. Kwa hiyo aanze na Windows na D, ambavyo hushusha madirisha yote, ndipo afuate Windows na P, halafu Windows na L. Akirudi, arudishe "Extend" kabla ya kufungua chochote. Inafaa wakati wa chakula cha mchana au swala. Kwa mtu anayekwenda stoo mara thelathini kwa siku, ataichoka kabla ya saa sita.

Namna ya tatu ni kukubali weusi. Muuzaji anabaki na kioo chake kuwa kikuu, anafunga kwa vitufe viwili kila anapoinuka, na kioo cha mteja kinakuwa kitupu kwa dakika tatu hadi atakaporudi. Jina la duka na saa za kazi anaviandika kwenye karatasi ngumu na kuibandika kwenye fremu ya kioo. Haipendezi kama picha, lakini haigharimu umakini wa mtu, na wakati wa msimu umakini ndio unaopungua kwanza.

Wenye Ubuntu wamepunguziwa tatizo. Kufuli lake huweka usuli wa picha kwenye vioo vyote, japo umetiwa ukungu, na saa kwenye kioo kikuu. Wanaotumia mazingira ya KDE hupata picha kamili kwenye kila kioo. Tatizo lao ni kwamba si kila programu ya mauzo inayotumika madukani inakubali kufanya kazi huko, na haina maana kubadilisha mfumo mzima kwa ajili ya picha.

Bei ya kununulia

Madeni si siri pekee ya duka. Ipo safu nyingine kwenye daftari la bidhaa ambayo muuzaji asingependa isomwe, nayo ni bei ya kununulia.

Tuseme pampu ya kupulizia dawa ilinunuliwa kwa Sh38,000 na inauzwa Sh45,000. Tofauti ni Sh7,000. Ndani ya hizo kuna nauli ya mzigo, kibarua cha kushusha, pango la duka, leseni, na pampu moja iliyofika imepasuka. Mteja aliyesoma 38,000 kwenye kioo haoni hayo. Anachoona ni Sh7,000 za bure, na ataanza kuvutana kuanzia pale. Akifanikiwa kupunguza Sh4,000, na habari ikawafikia wenzake tisa wa kijiji kimoja, Sh40,000 zimeondoka kwa sababu ya dirisha lililoachwa wazi muda wa kunywa chai.

Kwa mnunuzi wa mazao mambo yanageuka. Anayesimama mbele ya kioo ni mkulima mwenye gunia kwenye mizani, na kilichoachwa wazi ni ujumbe wa mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam ukitaja bei ya kilo. Mkulima anayesoma kurasa hizi atasema liachwe wazi, na ana hoja. Kwa miaka mingi ameuza bila kujua mahindi yake yanakwenda kwa nani na kwa kiasi gani, na wafanyabiashara wengi wamejenga nyumba juu ya kutojua huko. Mnunuzi anayetaka kudumu na wakulima wake afadhali awaambie bei ya sokoni na gharama za gari kwa kinywa chake kuliko waikute kwenye kioo kwa bahati mbaya, kwa sababu namba iliyoonekana bila maelezo humfanya hata mnunuzi mwaminifu aonekane mwizi. Kufunga kompyuta hakumzuii kuwa mkweli. Kunampa nafasi ya kusema mwenyewe.

Sheria nayo imeingia katika jambo hili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ilikuwa imetunga ya kwake mwaka 2019. Mtu anayekusanya majina, namba za simu na madeni ya wateja ana wajibu wa kuzilinda, awe benki au duka. Na taarifa zenyewe zimeongezeka. Tangu msimu wa 2022/23, serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa, muuzaji wa pembejeo amekuwa akishughulika na namba za usajili na taarifa za wakulima ambazo zamani hazikuwa zikipita mezani kwake.

Cha kuweka kwenye picha

Anayetumia namna ya pili, au mwenye kioo kimoja kinachoonekana na wateja, atataka kuandaa picha yake mwenyewe. Haihitaji mchoraji. Programu ya kuandaa slaidi, au hata Paint, inatosha: anaandika maneno, anahifadhi kama picha, kisha anaingia "Settings", "Personalization", "Lock screen" na kuchagua "Picture".

Ukubwa ndio unaowaangusha wengi. Vioo vipana vya kisasa mara nyingi vina nukta 1920 kwa 1080. Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina 1366 kwa 768, umbo ambalo ni karibu sawa. Lakini vile vioo vya zamani vya mraba, ambavyo vipo vingi sana kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, vina 1280 kwa 1024. Windows hujaza kioo kizima, hivyo picha pana ikiwekwa kwenye kioo cha mraba hukatwa pembeni, na duka lililoandikwa jina lake kutoka ukingo hadi ukingo hupoteza herufi za mwanzo na za mwisho. Maneno yakae katikati, pembeni paachwe patupu.

Saa nayo inachukua nafasi. Kwenye Windows 10 inakaa chini kushoto, kwenye Windows 11 inakaa juu katikati. Aliyehama kutoka toleo moja kwenda jingine bila kubadilisha picha hukuta saa imeketi juu ya jina la duka.

Kuhusu maneno yenyewe, kishawishi kikubwa ni kuandika bei. Kisifuatwe. Bei ya mbegu au ya kununulia mahindi inabadilika ndani ya wiki, na picha ya skrini ya kufunga ni kitu kinachosahaulika kwa miezi. Mkulima aliyetoka Wanging'ombe na nauli yake akiwa ameisoma bei ya zamani hatakubali maelezo ya kompyuta. Ubao wa chaki bado ni bora kwa bei, kwa kuwa anayeufuta ni yule yule anayeuza.

Kinachofaa kwenye picha ni kile kisichobadilika msimu mzima: saa za kufungua, siku ambazo duka halifanyi kazi, namba ya simu ya duka, na kikumbusho kwamba mkulima akague lebo ya mfuko wa mbegu na tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kulipa. Namba ya kupokelea malipo ya simu isiwekwe peke yake bila jina la anayelipwa, maana mteja anatakiwa kulinganisha jina linalotokea kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha.

Picha za watoto wa mwenye duka nazo zibaki nyumbani. Na yale mandhari mazuri ya milima na bahari yanayojibadilisha yenyewe, yanayoitwa Windows Spotlight, hushushwa kutoka intaneti. Anayetumia bando la simu kuendesha kompyuta analipia milima hiyo kidogo kidogo.

Dakika moja, kisha giza

Malalamiko mengine yanayosikika ni kwamba picha inatokea, halafu baada ya dakika moja vioo vyote vinazimika, na runinga inayotumika kama kioo cha pili inaanza kuandika kwamba haipati mawimbi. Huo ndio mpangilio wa kawaida wa Windows. Kompyuta ikishafungwa, huhesabu sekunde 60 na kuzima vioo, hata kama mwenyewe amepanga vizimike baada ya nusu saa wakati wa kazi.

Njia rahisi ni kuchagua "Slideshow" badala ya "Picture" na kuelekeza kwenye folda yenye picha moja au mbili za duka. Hapo hutokea chaguo la kuonyesha skrini ya kufunga badala ya kuzima kioo, pamoja na muda wa picha hizo kuendelea. Njia nyingine ni ya fundi: kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi anaandika powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_video videoconlock 600, kisha powercfg /setactive scheme_current. Hiyo 600 ni sekunde, yaani dakika kumi.

Kabla ya kufanya hivyo, mwenye duka apige hesabu. Kioo cha kawaida cha inchi 22 cha LED hutumia takriban wati 25. Kikiwaka saa 10 kwa siku, siku 26 za mwezi, ni uniti sita na nusu za LUKU. Runinga ya inchi 43 inaweza kufika mara tatu ya hapo. Kama foleni haikosekani, picha inayowaka ina kazi yake. Kama wateja wanakuja wanne kwa siku, giza la dakika moja linaokoa umeme na halimkwazi mtu.

Zipo mbinu za kumsaidia anayesahau kufunga. Ya kwanza ni kuweka kiokoa skrini cha dakika tatu na kutia alama kwenye maneno "On resume, display logon screen", ili kompyuta ijifunge yenyewe isipoguswa. Ya pili ilikuja mwaka 2017 kwenye Windows 10 na inaitwa Dynamic Lock. Simu ya muuzaji inaunganishwa kwa Bluetooth, naye akiondoka nayo mfukoni kompyuta inafunga baada ya dakika moja hivi. Kwa duka ambalo stoo ipo ukuta wa pili, haitegemewi sana. Mawimbi ya Bluetooth yanapita ukuta wa matofali, na kompyuta itadhani mwenyewe bado amekaa. Dakika moja nayo inatosha kabisa kusoma daftari la madeni.

Taarifa zinazopenya

Kuna tundu moja ambalo hata waliofunga vizuri huliacha. Skrini ya kufunga inaweza kuonyesha taarifa za programu juu ya picha: barua pepe iliyoingia, kikumbusho cha kalenda, simu inayopigwa kupitia intaneti. Kikumbusho kilichoandikwa "Kumdai fulani, laki mbili na nusu" kitatokea kikubwa na kinachosomeka, kompyuta ikiwa imefungwa barabara. Kwenye "System" na "Notifications" lipo chaguo la kuonyesha taarifa kwenye skrini ya kufunga. Liondolewe.

Wengine wakifungua ukurasa wa kubadilisha picha hukuta kila kitu kimefifia na hakibonyezeki. Mara nyingi maana yake ni kwamba Windows iliyopo haijahalalishwa, na mfumo umewanyima mapambo hadi leseni ilipiwe. Kufuli lenyewe bado linafanya kazi. Kwenye kompyuta zilizotoka maofisini, maneno yanaweza kusema kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi. Hapo kompyuta haikusafishwa vizuri ilipouzwa, na aliyeiuza ndiye wa kurudiwa.

Kwa duka lenye wauzaji wawili au watatu wanaopokezana, kila mmoja awe na akaunti yake na namba zake za siri. Namba moja inayojulikana na watu wote hubandikwa chini ya kibodi ndani ya wiki moja, na siku fedha zikipungua hakuna wa kuulizwa.

Na kwa anayetaka hasa picha ya duka iwe mbele ya wateja kutwa nzima, ipo njia isiyohusu kompyuta kabisa. Runinga nyingi za sasa zina tundu la USB na zinaweza kuonyesha picha zenyewe kutoka kwenye flashi. Picha zinawekwa humo, runinga inatundikwa ukutani, na kompyuta inabaki na kioo kimoja kinachomtazama muuzaji. Mteja atakosa kuona hesabu yake ikijumlishwa, kwa hiyo apewe risiti na aisome kabla hajaondoka.

Baada ya kupanga yote, muuzaji amwachie mwenzake meza, atoke nje na kuingia tena kama mteja. Mwenzake afungue daftari la madeni, alisukume kioo cha pili, kisha afunge kompyuta na kuondoka. Mwenye duka asimame pale foleni inaposimama, angalau dakika tano. Ampigie mtu simu amtumie barua pepe wakati huo huo. Aguse kipanya kama mtoto aliyekuja na mama yake. Halafu aandike kwenye karatasi kila neno aliloweza kulisoma.